Betri ya Miaka Kumi

Mguu wa kwanza wa betri uling'oka, na hapo hapo nikamsikia Mama Susana, mwenye nyumba wangu, akiniita kutoka nje: jua linazama, Truphena. Nilikuwa nimeinama juu ya kibao cha kijani kisichozidi kiganja, chuma cha kulehemu kikifuka moshi mkononi. Dirisha la kibanda changu lilitazama magharibi, kwa hiyo sikuhitaji saa kujua kwamba zimebaki dakika kumi, au pungufu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe mbili Agosti, mwaka wa tisini na sita, mjini Migori. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona fundi kamili.

Sisi ni Waadventista. Kwetu siku haianzi alfajiri, huanza jua likizama, na Sabato huingia Ijumaa jioni ikamkuta kila mtu ameoga na chakula cha kesho kimeshapikwa. Baba yangu, James, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na sheria yake ya ziada ambayo sijaisoma katika Biblia yoyote: Sabato isikute kitu kimefunguliwa mezani. Redio ambayo haijapona ilirudishiwa kifuniko, skrubu zote, hata kama Jumapili angeifungua tena. Alisema kuiacha wazi ni kuilaza uchi. Alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili, na mimi bado nilifunga skrubu.

Alikuwa na sheria nyingine, hii ya ufundi wenyewe. Kitu chenye kumbukumbu, kabla ya kubadilisha betri yake, unakiunga kwanza kwa nyaya na betri mbili za tochi, zikishikilie wakati ile ya zamani inatoka. "Usimtoe mgonjwa kitandani kabla hujamtandikia kingine," alikuwa akiniambia. Kuunga nyaya hizo kunataka robo saa na mkono mtulivu. Mimi robo saa sikuwa nayo. Sheria mbili za baba zilikutana mezani jioni ile, nami nikaifuata ile ya jua.

Msiniambie haraka haraka haina baraka. Mimi nilikuwa na haraka ya kuiwahi baraka yenyewe. Niling'oa mguu wa pili, nikaweka betri mpya, nikalehemu, nikafunga skrubu, nikachomoa waya ukutani, na wimbo wa kwanza ukanikuta nimeshaketi kando ya Mama Susana sebuleni kwake, kanga safi begani. Niliimba vizuri sana jioni ile.

Mwenye kitu alikuwa amefika saa nane mchana, mwanamume mrefu, mwembamba, amebeba boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Alisimama mlangoni akatazama nyuma ya bega langu.

"Fundi yuko wapi?"

Swali hilo nilikuwa nikilijibu mara tano kwa siku tangu baba afe. "Unaongea naye," nikamwambia.

Aliitwa Bichage, Mkuria wa Kehancha, mtunza maabara katika shule moja ya sekondari huko Homa Bay. Shule zilikuwa zimefungwa siku ile, naye alikuwa njiani kwenda nyumbani kumsaidia baba yake kuvuna tumbaku. Nilipomwita mwalimu alinikatiza: "Mwalimu ni wale wa chaki, dada. Mimi naosha chupa." Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni tu, na mimi Kikuria sijui hata salamu.

Alipanga vitu vyake mezani kimoja kimoja. Mtambo wa kijivu wa kuchezea michezo ya TV. Transfoma nzito, maana mtambo ulitoka Japani na huko umeme wao ni wa volti mia. Kaseti moja ya mchezo. Padi mbili, yale madude ya kushika mkononi yenye vitufe. Na daftari nene la maabara, kurasa zimevimba kwa kufunuliwa.

"Hii kaseti ina betri ndani," akasema. "Imeanza kusahau. Juzi niliiwasha ikawa kama haitujui. Nikazima, nikawasha tena, ikakumbuka."

"Betri inakufa."

"Ukiibadilisha, kilichomo kisipotee. Unaweza?"

"Naweza," nikasema kabla hajamaliza kuuliza. Hilo lilitokana na lile swali la mlangoni.

Aliunga mtambo kwenye TV yangu ya kupimia ili anionyeshe. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi za Japani na TV zetu hazielewani, na ilikuwa inapanda juu mpaka nilipoituliza kwa bisibisi nyuma ya TV. Yalitokea masanduku matatu, ya kuhifadhia safari za wachezaji. Mawili yalikuwa matupu. Katika la kwanza walisimama watu wanne wadogo, na chini yao namba ya saa zilizochezwa.

"Saa themanini na saba," Bichage akasema, akigusa kioo kwa kidole. "Hapo ndipo tulipo."

Tulipo, alisema, na hakukuwa na mtu mwingine aliyekuja naye. Nilipomuuliza, alinieleza kuhusu Morita, mwalimu wa fizikia kutoka Japani aliyekuja Homa Bay mwaka wa tisini na mbili akapewa nyumba iliyopakana na yake. Mjapani peke yake, na Mkuria peke yake kati ya Wajaluo. Jioni waliwasha mtambo.

"Jina la mchezo alilitafsiri Njia ya Taa," akasema. "Lakini si mchezo mmoja. Ni mji mzima. Kila toleo ni nyumba, tano zimeshajengwa, ya sita inakuja. Baba mmoja, mama mbalimbali."

Nilielewa papo hapo, maana babu yangu alikuwa na nyumba tatu. Bichage akanitembeza mji huo wote akiwa amesimama. Nyumba ya kwanza ilikuwa na msafiri mmoja tu, anayebeba moto kutoka kijiji hadi kijiji. Ukitaka kupumzika, mchezo ulikupa herufi hamsini uziandike kwenye karatasi, na ukikosea moja safari yako imekufa. Katika ya pili wasafiri wakawa wawili, kaka na dada, na ilikuwa ngumu hadi Wajapani wenyewe wakalalamika. Ya tatu ilileta watu wanne, na ilileta betri, makaratasi yakatupwa. Ya nne ikawa na mashua inayopaa. Ya tano, hii aliyonayo, ilikuwa na padi mbili, ili watu wawili wagawane wasafiri na wapigane bega kwa bega. Kila nyumba na dunia yake. Uliowapenda katika ya tatu huwakuti katika ya nne, hata kaburi lao hulioni. Kinachopita nyumba hadi nyumba ni wimbo wa mwanzo, kijiji ambacho taa yake imezimika, na bibi mmoja mvushaji wa mtoni. Bibi huyo hadai nauli. Anauliza tu: uko peke yako?

"Na nyinyi mmefika wapi?" nikauliza.

"Mlango wa mwisho. Tulifika wiki ambayo Morita alikuwa anarudi kwao, mwezi wa tatu mwaka jana. Akasema tusifungue kwa haraka. Akirudi, tutaufungua pamoja."

"Atarudi lini?"

Bichage akaanza kukunja kamba yake ya katani. Alisema angepita Jumapili ya tarehe mosi Septemba, kabla ya shule kufunguliwa. Boksi lote alilibakisha kwangu, kwa sababu kwao hakuna stima, umeme haujafika.

Sasa mnajua nilichokuwa nimeshika jioni ile dakika kumi kabla ya Sabato.

Jumapili asubuhi niliwasha mtambo nikiwa na chai mkononi. Wimbo ulipiga. Masanduku matatu yakaja, yote matatu matupu. Nilizima nikawasha, nikazima nikawasha, nikasafisha meno ya kaseti kwa spiriti, nikapima betri yangu mpya. Mita ilisoma volti tatu kamili. Kazi yangu ilikuwa safi, na ndani yake hapakuwa na mtu. Chai ilipoa pale mezani nikiitazama.

Ningeweza kungoja arudi nimwambie. Hiyo ndiyo njia ya mtu mwadilifu, na nawaheshimu sana watu waadilifu. Mimi nilifungua daftari.

Lilikuwa limeandikwa kwa mikono miwili. Ramani zilichorwa kwa penseli kali, mistari imenyooka, hizo za Morita. Maneno yalikuwa ya Bichage, kwa Kiswahili: alama hii ni kununua, hii ni kulala, hii ni kuhifadhi. Kijiji cha chumvi, zungumza na mwenye mbuzi kwanza. Pangoni usiende kushoto, tulikufa mara nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya wasafiri kwa herufi za Kijapani na maelezo pembeni: Morita, mama yake Morita, mimi, mama yangu. Wanaume wawili wazima walioko mbali na kwao walikuwa wamewachukua mama zao safarini. Nilifunga daftari kwanza, nikafagia kibanda, ndipo nikalifungua tena.

Nilikuwa na wiki nne. Niliamua kuwarudisha wote wanne hadi mlangoni.

Nitasema ukweli, maana sasa hakuna wa kunikemea. Haikuwa dhamiri peke yake. Tangu baba afe, sikuwa na mtu ambaye kuchelewa kwangu kungemsumbua. Dada yangu Liz alikuwa ameolewa Rongo na kuja kwake kulikuwa kwa Krismasi. Wateja waliongea na redio zao kuliko walivyoongea na mimi. Kanisani nilisalimiwa vizuri, kisha kila mtu akaenda kwake na watu wake. Upweke huo sikuwa nimeupa jina. Niliuita kazi nyingi.

Kila alfajiri kabla ya kufungua dirisha la wateja nilicheza saa mbili, na mchana nilipofunga kwa chakula nikacheza tena. Nilichora majina yale manne kwa kuyaiga umbo, kama mtu anayefuma mchoro wa kikapu cha mwenzake. Daftari lilisema padi ya kwanza ni ya Morita na mama yake, ya pili ni ya Bichage na mama yake. Kaseti huhifadhi hata hilo. Nilitaka kila kitu kiwe kilivyokuwa, kwa hiyo niliziunga padi zote mbili, nikaweka moja mapajani na moja mezani. Vita vikianza nilibonyeza hii, nikairukia ile. Mwanzoni walikufa sana, maskini, kwa sababu mikono yangu haikutosha.

Mama Susana alipita siku moja akachungulia. "Unacheza na nani, nyathina?" akauliza. Ndivyo alivyoniita, mwanangu.

"Na mimi mwenyewe."

Alizitazama padi mbili, akanitazama mimi. Kesho yake aliniletea sahani ya omena, dagaa wa ziwani, na siku iliyofuata pia.

Nilifika kijiji cha chumvi. Nilizungumza na mwenye mbuzi kwanza. Mtoni nilimkuta yule bibi na swali lake, na daftari likaniambia nichague jibu la chini, hapana. Nilijaribu na la juu vilevile. Anakuvusha hivyo hivyo. Katika wiki ya tatu nilijikuta nawaambia wale wanne habari za siku yangu, nani ameleta redio gani na ana mdomo wa namna gani. Mama yake Bichage nilimpenda kuliko wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuponya, na kila alipoinua mkono kibanda changu kilitoa sauti ndogo kama ya kijiko kikigonga kikombe.

Jumatano ya wiki ya mwisho stima ilipotea. Haikurudi Alhamisi. Haikurudi Ijumaa. Ilirudi Jumamosi saa sita mchana, wakati natoka kanisani, na mnara wa mwisho wa kuelekea mlangoni ulikuwa bado. Nilisimama uani, Biblia kwapani, nikasikia friji ya Mama Susana ikianza kunguruma. Bichage angefika kesho. Niliingia kibandani, nikafunga mlango na dirisha, nikawasha. Sabato moja maishani nimeivunja, ni hiyo, na niliivunja kwa sababu ya nyingine niliyoikimbilia mno. Jua lilipozama wale wanne walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa mwisho. Nikahifadhi. Sikufungua.

Bichage alifika Jumapili saa tano, ananukia moshi wa tumbaku. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema, kwamba kazi ilikwenda vizuri, karibu tena. Mficha maradhi, kifo humfichua, na mimi nilifichuliwa na namba. Mtu wa maabara husoma namba kabla ya kusoma kitu kingine.

"Saa sitini na moja," akasema.

Nilianza kupanga bisibisi zangu.

"Zilikuwa themanini na saba."

"Ilipotea," nikasema. "Siku ile ile uliyoniachia. Nilikuwa nakimbizana na Sabato, sikuishikilia kumbukumbu. Nimeirudia yote, kutoka kijiji cha kwanza. Mlango sijaugusa."

"Yote?"

"Yote."

Alivuta kigoda akaketi. Aliwatembeza wale wanne hatua chache mbele, hatua chache nyuma. Alifungua mifuko yao akaangalia walichobeba. Mkono wake ulikuwa mpole, na upole huo ulinitesa kuliko matusi, kwa kuwa matusi ningeyajibu.

"Umefanya kazi kubwa," akasema mwishowe. "Majina ni yetu. Lakini sisi hatumo."

Kwa mwezi mzima nilikuwa nimedhani narudisha kitu chake. Kumbe nilikuwa nimetengeneza changu, nikakiandika jina lake. Machozi yalinitoka mbele ya mteja, jambo ambalo baba hakunifundisha.

Hakunitazama. Kwenye TV alikuwa ameshafika ukurasa wa padi, ule unaosema nani anashika nani. Akasimama hapo.

"Padi ya pili umeiacha ilivyokuwa," akasema. "Nani alikuwa anakushikia?"

"Hakuna."

"Ulishika zote mbili wewe?"

"Moja mapajani, moja mezani."

Nje kuna mtu alikuwa anauza nyanya, nikasikia bei yake mara tatu.

"Mimi ile nyingine huwa naiweka kwenye goti," Bichage akasema. "Tangu Machi mwaka jana. Barua yangu ya tatu ilirudi na muhuri, nafikiri alihama. Nikawa nawasha tu, nawazungusha pale mlangoni, nazima."

Nilichemsha chai, tukanywa tukiwatazama wale wanne wakipumua, maana katika mchezo ule hata wakisimama wanapumua. Sikumdai kitu naye hakutoa. Alipomaliza alichomoa mtambo, akaupanga katika boksi pamoja na transfoma na daftari. Padi ya pili hakuiweka. Aliizungushia waya wake vizuri, akaiacha mezani kwangu.

"Desemba nikipita," akasema, "tutafungua."

"Na mwenzako?"

"Ndiyo nasema, tutafungua."

Desemba hakupita. Niliosha kibanda, nikanunua sukari, nikangoja hadi Krismasi, Liz akaja akaondoka. Januari nilikwenda Homa Bay kwa kisingizio cha kununua vipuri, nikafika hadi lango la ile shule. Mlinzi aliniambia mtu wa maabara aliacha kazi mwezi wa kumi na moja. Baba yake alifariki, naye ndiye kifungua mimba, wadogo zake sita na tumbaku yote ikabaki mikononi mwake. Alirudi Kehancha moja kwa moja, boksi lake begani.

Mtaniuliza kwa nini sikumfuata. Kehancha si mbinguni, ni asubuhi moja tu kutoka hapa. Niliogopa. Niliogopa kwamba neno lile, tutafungua, lilikuwa adabu tu ya mteja mwema, na kwamba ningesimama uani kwa watu na padi mkononi, mwanamke mzima, mama yake akiniuliza nimetumwa na nani. Niliitundika padi kwenye msumari ambao zamani ulishika kofia ya baba. Wateja wameulizia bei yake miaka yote hii. Waya wake hauendi popote.

Kitu kimoja kilinifariji, nacho ni cha kifundi. Kaseti ile haihitaji stima ili ikumbuke. Hata kama boksi limekaa juu ya dari, katika nyumba inayowasha koroboi, ndani yake wale wanne wamesimama mlangoni, wanashikiliwa na betri niliyoiweka mimi. Siku zilizokuwa mbaya nililiwaza hilo. Kulikuwa na mahali ambapo kazi yangu ilikuwa inamngoja mtu.

Lakini betri ile ya duara ni ya miaka kumi, na Jumatano iliyopita imeitimiza. Nimenunua mpya. Nimenunua na betri mbili za tochi, nikakata nyaya, nyekundu na nyeusi. Sijui kama kwao Bichage stima imefika, kwa hiyo nimetoa sandukuni kile chuma cha kulehemu cha zamani cha baba, cha kupashwa kwenye makaa, nikakisugua hadi shaba ikaonekana. Padi nimeitoa msumarini. Sijui nitamkuta na nani, wala kama atanijua. Nimeichagua Jumapili, niondoke asubuhi, siku yote iwe mbele yangu na jua lisinikimbize. Safari hii nitaanza na nyaya.